Pima ya Mkono Wangu

Juma lililopita niliingia duka moja la vifaa pale mjini Kisumu kutafuta bomba la maji. Sikuwa na ugomvi na mtu. Lakini mlangoni palikuwa na mabunda ya kamba mpya ya nailoni, ya kijani na ya samawati, bado yana ile harufu kali ya plastiki na mafuta, na kabla sijamsalimia mwenye duka nilikuwa nimeshakasirika. Mwenye duka, mama wa Kihindi anayenijua kwa sababu nilimfundisha mwanawe, aliniuliza, “Mwalimu, mbona unaangalia kamba yangu hivyo? Imekukosea?” Nikamwambia ndiyo, imenikosea. Akacheka, akidhani natania. Kisha akaja mteja akitaka mita kumi, naye mama yule akavuta kamba juu ya meza yenye alama za mita, akahesabu, akakata. Basi. Hakuna aliyemwambia mkono wake ni mfupi. Hakuna aliyemwambia aite mwanaume aje ampimie. Nikatoka dukani bila bomba.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kando ya ziwa mnajua ninachosema. Kamba haikuuzwa kwa mita kwetu. Iliuzwa kwa pima. Mtu alitanua mikono yake miwili, akavuta kamba mbele ya kifua kutoka ncha ya kidole cha huku hadi ncha ya kidole cha kule, na hiyo ikawa pima moja. Akashika tena, akavuta tena, ya pili. Mvuvi alihitaji kamba ya juu ya wavu na kamba ya chini, na ikipungua hata kidogo wavu unajikunja majini na samaki wanapita pembeni. Ndiyo maana mtu alinunua kamba huku amekodolea macho mikono ya anayempimia.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akiuza kamba katika ufuo wetu, mwendo mfupi kwa mguu kutoka ufuo wa Dunga. Ufuo wenyewe sitautaja, maana wengi wa wale wazee wameshakufa na wajukuu wao hawana kosa. Baba alifariki nikiwa sijaanza shule, na Mama akaamua kwamba hatakaa kungojea huruma ya shemeji. Alinunua mabunda mjini, akayabeba kichwani, akayapanga chini ya kibanda cha mabati karibu na pale mashua zinapovutwa nchi kavu. Aliijua kamba kuliko wanaume wengi wa pale. Aliweza kuishika huku amefumba macho akakwambia hii itakufaa na hii itakuaibisha katikati ya maji. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuruhusiwa kulifanya kwa kamba yake mwenyewe, aliyoinunua na kuibeba kwa shingo yake. Hakuruhusiwa kuipima.

Mwanamke mkono wake ni mfupi. Ndivyo walivyosema, na hakuna aliyebisha, hata wanawake wenyewe. Mwanamke akikupimia kamba amekupunja hata kama hakukusudia, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Kwa hiyo kila mteja alipofika, Mama aliweka bunda chini na kuita, “Mzee Ogweno! Njoo unisaidie, Baba!” Mzee Ogweno alikuwa mvuvi mstaafu aliyeshinda kwenye kiti chake hatua chache kutoka kibandani. Aliinuka akiguna, akaja, akanyoosha mikono. Ujira wake ulikuwa mkia. Kila bunda lilipokwisha, kile kipande cha mwisho kilichobaki kilikuwa chake, na nikuambie, mikia ya Mzee Ogweno ilikuwa mirefu ajabu.

Sasa sikiliza kinachonichoma. Mzee Ogweno alikuwa mfupi. Mfupi kabisa! Tena bega lake la kushoto lilikuwa limekaza tangu mashua ilipomlalia ujanani, kwa hiyo alipotanua mikono, wa kulia ulikwenda na wa kushoto ukabaki njiani. Mama alikuwa mrefu, watu wa kwao wote ni warefu, na mikono yake ilifika kila mahali. Siku moja niliwaona wakishika turubai pamoja ili kufunika mabunda kabla ya mvua. Mzee alijinyoosha hadi shati likamtoka kwenye suruali, na pembe ya turubai ikamshinda. Mama akamwambia, “Wacha tu, Baba,” akaishika mwenyewe huku na huku, peke yake. Niliyaona hayo kwa macho yangu mawili. Na bado niliendelea kuamini kwamba mkono wa Mama ni mfupi na wa Mzee Ogweno ni mrefu, kwa sababu watu wazima wote walisema hivyo. Wavuvi wale walipunjwa na mwanaume kwa miaka na miaka, wakamshukuru, wakamnunulia chai.

Nilipokuwa darasa la saba mwili wangu ulianza kazi bila kuniuliza. Mabega yalitanuka. Mikono ikatokeza nje ya sweta ya shule mpaka nusu ya kigasha. Wenzangu sare ziliwabana kiunoni, mimi zilinichanikia mabegani, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi Mama alikuwa na sindano mkononi akinung'unika. Mwishowe alisema atanishonea gauni jipya la kanisani. Hakuwa na utepe wa fundi. Alichukua kamba nyembamba, akanisimamisha uani, akaniambia nitanue mikono, akaipitisha kutoka kidole hadi kidole na kufunga fundo kila mwisho, kisha mafundo mawili madogo pale mabega yanapoishia. Akarudi nyuma. Akaitazama kamba, akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

“Wuololo,” alisema. “Akinyi, haya sasa ni maajabu.”

Niliona aibu hadi visigino. Nilidhani ameona kasoro na hataki kuniambia. Ilibidi niwe mtu mzima, nimshonee binti yangu mwenyewe, ndipo nikaelewa kwamba mama aliyeshika kamba ya vipimo na kutikisa kichwa huwa anapiga hesabu ya kitambaa tu.

Mvua za mwaka ule zikamshika Mzee Ogweno begani na kifuani, akalala kwake majuma mengi. Siku ya tatu ya kukosekana kwake akaja Okoth, mvuvi kijana mwenye haraka zake, akitaka pima ishirini. Wanaume wote walikuwa majini. Mama akatazama kulia na kushoto, kisha akaniita nilipokuwa nafagia.

“Hii mtoto?” Okoth alishangaa. “Mama Akinyi, yawa, huyu si msichana?”

“Muangalie kwanza, ndio useme,” Mama alimjibu.

Nikatanua mikono. Okoth akaniangalia kutoka kidole hiki hadi kile, akakuna kichwa, akasema haya, pima. Kesho yake alirudi mbio, na Mama akasimama, tayari kugombana. Kumbe alikuja kusema kamba imezidi wavu. “Imezidi, Mama! Miaka yote mimi naongezanga kamba kwa wavu yangu, nikidhani ni maji inaivuta. Huyu mtoto anapima pima ya ukweli!” Ndani ya juma moja walikuwa wanapanga foleni. Walitoka hata fuo za jirani wakiuliza, wapi yule mtoto wa mikono.

Niliipenda kazi ile, sitasema uongo. Nilipenda kamba inavyopita mbele ya kifua ikinukia upya wake, inavyochoma viganja kidogo, na sauti ya wanaume wakihesabu pamoja nami. Nyuma yetu omena, vile visamaki vidogo, ilikuwa imeanikwa kwenye nyavu kuukuu na jua likiipika harufu. Mama alikuwa anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kibandani. Mikia sasa ilibaki kwetu. Mmoja Mama alinifanyia kamba ya kuruka, na mingine aliiunga akaiuza kwa wenye mbuzi.

Wavuvi walikuwa na utani wao. “Mama Akinyi, hapa ulizaa kijana ukamvisha gauni!” “Hayo mabega ni ya kuvuta mashua, walahi!” “Huyu ni dume, msimdanganye!” Walikuwa wananisifu. Leo najua walikuwa wananisifu, na leo bado ningewazaba vibao. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtoto wa miaka kumi na mitatu anasikia nini akiambiwa maneno hayo kila siku mbele ya kila mtu.

Kisha likaja somo la sayansi. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzi, viatu vinang'aa. Alichora watu wawili ubaoni kwa chaki, mmoja mpana juu na mwembamba chini, mwingine mwembamba juu na mpana chini. Akagonga ubao. “Mwanaume: mabega mapana, nyonga nyembamba, mikono mirefu. Mwanamke: mabega membamba, nyonga pana, mikono mifupi. Andikeni.” Tukaandika. Msichana niliyekaa naye alinitazama kwa pembe ya jicho, akaitazama picha ya kwanza, akafunika mdomo. Mimi nikainua mkono, huo mkono wangu.

“Mwalimu, na kama msichana ana mabega mapana?”

Alicheka. “Huyo basi mumuangalie vizuri,” alisema, na darasa zima likaangua kicheko pamoja naye.

Mwalimu, popote ulipo, nina hasira nawe mpaka leo. Ulikuwa umeulizwa swali na mtoto. Ungeweza kujibu kwa maneno mawili tu, na maneno hayo yalikuwa kwenye kitabu ulichokishika mkononi. Nitayafikia.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaelewa kila kitu, kwa akili ya mtoto. Nilikuwa nageuka. Mabega yameshageuka, mikono imeshageuka, kesho itakuwa sauti na keshokutwa ndevu. Tena nilijua chanzo. Ilikuwa ile kamba. Kila nilipoivuta ilinivuta na mimi, na kila mvuvi aliyeniita dume aliongeza kidogo. Kila asubuhi nilipapasa kidevu kabla ya kutoka kitandani. Nililala nimejikumbatia ili mikono isirefuke. Nilibeba mtungi wa maji uliojaa pomoni, nikipanda kilima polepole makusudi, nikiomba uzito unishindilie chini. Nikaanza kuvaa sweta ya shule siku nzima, hata Jumamosi, hata jua la saa nane, na kutembea nimeinama. Mama aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Hapo ndipo Mzee Ogweno alipopona. Alifika ufuoni na fimbo, akakuta foleni, akanikuta mimi mahali pake, na mikia imekwenda. Hakusema na Mama hata neno moja. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati ya ufuo, na kabla ya jioni tukaitwa.

“Hii mama ametupunja majuma mengi,” Mzee alisema mbele ya watu. “Anapimisha kamba mtoto wa kike. Nani hajui mwanamke mkono yake ni fupi? Hata shule wanafundishwa. Si muulize mtoto mwenyewe!”

Mwenyekiti alinigeukia. “Ni kweli mnafundishwa hivyo?”

Nikasema ndiyo, ni kweli. Ningesema nini? Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari.

Okoth alijaribu kututetea, akasema kamba ilizidi wavu wake, akaambiwa anyamaze, yeye ni mtoto. Mwenyekiti akatoa hukumu ambayo kila mtu aliiona ya haki, na ukiitazama juujuu ilikuwa ya haki. Kesho saa nne tupimwe wote wawili kwa kamba moja. Pima yangu ikiwa fupi kuliko ya Mzee, Mama ameuza kwa udanganyifu na ataondoa kibanda chake ufuoni siku hiyohiyo. Ikilingana au ikizidi, Mzee atarudi kwenye kiti chake na mimi nitapima.

Mama alifurahi! Mnaelewa? Aliondoka pale akitembea kama bibi harusi. Alinunua samaki wa ngege mzima, akampika kwa nyanya nyingi, akaniwekea kichwa na mgongo. “Kesho wewe nyosha tu,” alisema. “Hakuna kingine. Usiogope mtu, usijibu mtu. Nyosha.” Yeye aliona kibanda chake kimeokoka. Mimi niliona kwamba kesho, saa nne, mbele ya ufuo mzima, itathibitishwa kwa kamba kwamba mimi si msichana. Ukimshinda mwanaume kwa mikono, wewe ni nani? Jibu lilikuwa ubaoni.

Nilikwenda nimevaa sweta. Jua lilikuwa kali hata mbwa wamejificha chini ya mashua. Mwenyekiti alitoa kamba, Mzee Ogweno akapima kwanza, akijivuta, uso umekunjamana kwa maumivu ya bega, na wanaume wakampigia makofi kwa jinsi alivyojikaza. Mwenyekiti akafunga uzi mwekundu pale kidole chake kilipofika. Kisha ikawa zamu yangu. Nilishika mwanzo wa kamba kwa mkono wa kulia. Nikatazama uzi mwekundu. Ulikuwa karibu sana, jamani. Hata nikiwa usingizini ningeupita. Nikavuta kwa mkono wa kushoto, polepole, na ndani ya mikono ya sweta nikakunja viwiko.

Si sana. Kidogo tu, na sweta ikafunika. Nikajikunja na mabega pia, nikayavutia mbele. Kidole changu kikaishia karibu shubiri moja kabla ya uzi.

Kelele zikaanza. Mzee Ogweno aliinua fimbo juu. Okoth alinitazama akiwa mdomo wazi, kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake. Mwenyekiti akasema, “Mama Akinyi, umeona mwenyewe.” Mimi nilimtafuta Mama. Alikuwa amesimama mbele kabisa, mikono ameifungia kifuani, na hakuwa anatazama kamba. Alikuwa anatazama viwiko vyangu. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme na niliomba asiseme. Aligeuka, akaenda kibandani, akaanza kufungua mabati.

Nilijiambia kwamba hakuona. Nililishikilia hilo maisha yangu yote. Tulihamia Usenge, kwa dada yake, na Mama akaingia kwenye omena, kazi ya kuinama. Alinunua omena mbichi majini, akaianika, akaigeuza, akaiokota mvua ikitaka kunyesha, akaianika tena. Mwanamke mrefu vile, ameinama kuanzia asubuhi hadi jua likitua, mwaka baada ya mwaka, hadi mgongo ukakataa kurudi. Alinisomesha kwa mgongo huo. Hakunipiga, hakunisema, hakutaja kamba tena. Na mimi, bila shaka, sikugeuka kitu chochote. Hakuna ndevu. Niliolewa, nikazaa wawili. Nilibaki tu msichana mwenye mabega mapana, kisha mwanamke mwenye mabega mapana, anayetembea ameinama kama anapita chini ya mlango mfupi.

Sasa maneno yale. Nilipokuwa mwalimu wa hesabu nilikikuta kile kitabu cha sayansi katika stoo ya shule nyingine, kimeliwa na panya kwenye pembe. Nikafungua ukurasa wenyewe, wale watu wawili, mmoja juu mpana na mwingine chini. Na pale chini, kabla ya yale maneno tuliyoyaandika, kulikuwa na maneno mawili ambayo mwalimu aliyaruka. Kwa wastani. Kwa wastani! Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo na gauni langu la kazi. Kila mwaka nawafundisha watoto wastani. Nawapanga mbele ya darasa, wavulana na wasichana, tunapima mikono yao, tunajumlisha, tunagawanya. Kila mwaka wavulana wakubwa wanatoka na wastani mrefu zaidi, na kila mwaka yupo msichana anayewapita nusu yao na mvulana anayepitwa na wasichana wengi, na hakuna kilichoharibika. Hesabu ya watoto arobaini haiwezi kumwambia mtoto mmoja yeye ni nani. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaielewa hiyo ndani ya dakika tano. Ningeielewa. Kwa nini hakuna mtu aliyeniambia?

Basi juma lililopita, nilipotoka dukani na ile harufu puani, sikurudi nyumbani. Nilipanda gari hadi Usenge. Nilimkuta Mama barazani, miguu ameinyoosha mbele, anachambua mchele kwenye ungo. Amezeeka. Sikumpa hata nafasi ya kuuliza habari za watoto.

“Mama, siku ile ya kamba,” nilisema. “Nilikunja viwiko.”

Aliendelea kuchambua. “Najua.”

“Unajua?”

“Jua lile, na wewe ndani ya sweta. Mimi ni mjinga?”

Nilipandwa na hasira ambayo sikujua kama bado ninayo. Nilimfokea mama yangu, mimi mtu mzima, barazani kwake, majirani wanasikia. Nilimwambia alijua na akaniacha. Alijua na akabomoa kibanda chake kwa mikono yake, akainama miaka yote ile, na mimi nikibeba dhambi hiyo peke yangu kama mwizi. Kwa nini hakusema? Neno moja tu!

“Ningesema nini?” naye akapandisha sauti, mara ya kwanza tangu nizaliwe. “Nikuvue sweta mbele ya wanaume? Nikushike mikono nikuvute kama ngozi ya mbuzi? Ulikuwa unatetemeka, nyathina, mwanangu. Nilidhani unamuogopa Mzee. Nikasema, kamba ni kamba, mtoto ni mtoto.”

“Sikumuogopa Mzee. Niliogopa kuwa mwanaume.”

Aliacha mchele. Alinitazama muda mrefu, kutoka kichwani hadi miguuni, kana kwamba nimefika sasa hivi.

“Kwa ajili ya mabega?” aliuliza. “Hayo mabega ni ya mama yangu. Wanawake wote wa kwetu wako hivyo. Hukunijua mimi niko vipi?”

Nilikuwa nimeishi naye nyumba moja, nimeona lile turubai, na sikuwahi kumtazama. Alikuwa ameshaanza kuinama nilipopata akili ya kutazama.

Aliniambia nimpe mkono, nikamwinua. Akaingia ndani akijishikilia ukutani, nikamsikia akifungua sanduku, akitupa vitenge huku na huku, akinung'unika. Alirudi na kamba nyembamba iliyobadilika rangi, fundo huku, fundo kule, na mafundo mawili madogo katikati. Ndiyo ile aliyonipimia gauni. Nilinusa nailoni, imezeeka, imechanganyika na sabuni na omena. Aliitunza miaka yote, ameihamisha nyumba hadi nyumba. Alijua kipimo changu kabla ya siku ile. Angeweza kuitoa kamba hii mbele ya mwenyekiti na kibanda kikabaki.

“Tanua,” alisema.

Nikashika fundo moja, nikatanua. Mabega yakalia. Ni miaka mingi sijayafungua, na karibu na fundo la pili mikono ikajisimamia yenyewe, viwiko vimelegea, kama ilivyozoea. Mama akaja karibu, mgongo umepinda hata kichwa chake kinafika kifuani mwangu. Akanigonga kiwiko kwa kidole, kwa nguvu, akaumiza.

“Yote,” alisema. “Usinipunje mara ya pili.”

Nikanyoosha. Kamba ikaisha, na mimi nikabaki na vidole vilivyolipita fundo.